Bendera Tatu za Pwani ya Bangladesh

Bangladesh imekaa mahali pagumu. Kusini mwake, Ghuba ya Bengal hubanana kadiri inavyokaribia nchi kavu, na kina chake hupungua. Pwani yenyewe ni tambarare ya udongo ulioletwa na mito, na sehemu kubwa yake imeinuka mita chache tu kuliko bahari. Kimbunga kinapokuja, upepo husukuma maji mbele yake. Maji yakikosa pa kutawanyika, huinuka na kupanda nchi kavu. Wengi wanaokufa huuawa na maji hayo, si upepo.

Usiku wa tarehe 12 Novemba 1970, nchi hiyo ikiwa bado Pakistan ya Mashariki, kimbunga cha Bhola kiliua watu wasiopungua 300,000. Watabiri walikuwa wamekiona kikija. Hata hivyo, habari haikuwafikia wakazi wengi wa visiwani, na walioipata hawakuwa na pa kukimbilia.

Kutokana na msiba huo, mwaka 1972 ulianza Mpango wa Kujiandaa na Vimbunga, ambao serikali huuendesha pamoja na Chama cha Hilali Nyekundu. Nguzo yake ni wanakijiji wa kujitolea, ambao leo ni zaidi ya 70,000, nusu yao wakiwa wanawake. Kila kikundi hugawana kazi: wapo wa kutoa onyo, wa uokoaji, wa huduma ya kwanza na wa kusimamia makimbilio. Taarifa ya idara ya hali ya hewa hufika kijijini kwa redio na simu, kisha watu hao huisambaza kwa miguu na baiskeli, wakiwa na vipaza sauti na ving'ora vya mkono. Bendera hupandishwa pia: moja ni tahadhari, na zikifika tatu hatari ni kubwa na watu wanatakiwa kuondoka. Hata asiyejua kusoma huelewa, na anayemgongea mlango ni jirani anayemfahamu.

Hata hivyo, tarehe 29 Aprili 1991 kimbunga kingine kiliua watu wapatao 138,000. Safari hii wengi walikuwa wamelisikia onyo lakini hawakuondoka. Makimbilio yalikuwa machache na ya mbali; wenye ng'ombe hawakutaka kuacha mali yao yote; wanawake, waliokufa wengi zaidi kuliko wanaume, waliona haya kubanana na wanaume wageni, au walisubiri ruhusa ya waume zao.

Kila sababu ilitafutiwa dawa yake. Makimbilio mengi yalijengwa juu ya nguzo za zege ili maji yapite chini, na siku za kawaida hutumika kama shule, hivyo hutunzwa na kila mtoto anaijua njia ya kufika. Yalitengwa vyumba na vyoo vya wanawake. Vilima vya udongo vilirundikwa kwa ajili ya mifugo. Wanawake wa kujitolea waliongezwa, kwa kuwa wao huingia ndani na kuzungumza na akina mama. Sheria ya maafa ya mwaka 2012 ikaweka wazi wajibu wa kila ngazi, kuanzia wizara hadi kamati za vijijini.

Matunda yalionekana Mei 2020, katikati ya janga la korona. Kabla ya kimbunga Amphan kufika, watu zaidi ya milioni 2 walihamishwa, na makimbilio zaidi ya 12,000, shule zikiwemo, yalifunguliwa ili wasisongamane. Waliokufa nchini humo walihesabiwa kwa makumi.

Kuokoa roho, hata hivyo, si kuokoa riziki. Kimbunga Aila cha mwaka 2009 kilibomoa kingo za udongo zinazozuia bahari. Maji ya chumvi yakafunika mashamba na visima, na familia nyingi ziliishi juu ya kingo hizo kwa miaka. Ndiyo maana maandalizi ya Bangladesh sasa yanahusu pia kuimarisha kingo, kupanda mikoko na kutafuta mbegu za mpunga unaostahimili chumvi, ili aliyerudi salama kutoka makimbilioni akute shamba la kulima.