Imamu Aliyechora Maua Juu ya Maji

Üsküdar ni sehemu kongwe ya mji wa Istanbul, upande wa Asia. Hapo paliishi imamu aliyeswalisha katika msikiti wa Yeni Valide kama babake kabla yake, na saa zake za faragha akazitumia kuchora juu ya maji. Jina lake ni Necmeddin Okyay, aliyezaliwa mwaka 1883 na kufariki 1976, Allah amrehemu. Mihrabu ndiyo iliyokuwa kazi yake. Uchoraji, khati, ufungaji wa vitabu, ukuzaji wa mawaridi na ulengaji wa upinde na mishale, hayo yote aliyaingia kwa mapenzi. Waturuki humwita mtu wa namna hiyo hezarfen, yaani mwenye fani elfu. Nimemchagua yeye leo kwa sababu nyumba zetu zina vijana na kina mama wengi wenye mikono hodari, na mara nyingi huambiwa kuwa wanayoyafanya baada ya kazi za nyumbani ni kupoteza wakati.

Sanaa yenyewe huitwa ebru. Wako wasemao kuwa neno hilo latokana na Kifarsi abr, yaani wingu, na wako wasemao ni ab-ru, uso wa maji. Kila kundi lina hoja yake, kwani aitazamaye karatasi ya ebru huona mawingu, na aifanyaye huona maji.

Hufanywa hivi. Sinia bapa lenye ukubwa wa karatasi hutiwa maji yaliyofanywa mazito kwa gundi. Gundi hiyo hutoka katika kijiti cha miiba kiotacho milimani Uturuki na Uajemi. Hulowekwa siku kadhaa, ikachujwa kwa kitambaa, mpaka maji yawe kama uji mwepesi wa mgonjwa. Rangi ni za udongo na madini, hazina mafuta ndani yake: masizi, nili, ngeu na nyinginezo. Husagwa na maji juu ya jiwe la marumaru hadi ziwe laini kabisa, kisha hutiwa matone ya nyongo ya ng'ombe.

Katika nyongo ndimo mlimo siri yote. Uso wa maji una mvuto wake, umejibana kama ngozi nyembamba. Rangi isiyo na nyongo ikidondoka huzama chini kama mchanga. Ikitiwa nyongo, huelea na kutanda duara. Rangi ya pili huhitaji nyongo zaidi ya ile ya kwanza, ili iweze kuisukuma na kujipatia nafasi, na ya tatu zaidi ya hiyo. Rangi hizo hazichanganyiki hata kidogo. Husongana tu, kama watu mlangoni mwa msikiti asubuhi ya Idi. Brashi hufungwa kwa manyoya ya mkia wa farasi juu ya kijiti cha mwaridi, na hupigwa kwenye kidole ili matone yarushike. Baada ya hapo mchoraji huyaburura matone kwa sindano, au hupitisha chanuo lenye meno marefu, mpaka apate nakshi aitakayo.

Kisha karatasi hulazwa polepole, kuanzia pembe moja, ili hewa isinaswe chini yake, kwani kila kipovu huacha doa jeupe. Zikipita sekunde chache huinuliwa kwa kukokotwa kwenye ukingo wa sinia, na mchoro wote umeshahamia karatasini. Kwa hivyo ebru ni uchoraji na ni uchapaji kwa wakati mmoja, ila ni chapa isiyokubali kurudiwa. Kibao cha mbao, kama vile vilivyochapia kanga za zamani, hutoa ua lile lile kitambaa baada ya kitambaa. Sinia la ebru hutoa karatasi moja tu, na maji yakabaki matupu.

Sanaa hii haikuanza na Okyay. Risala ya Kituruki iliyoandikwa mwaka 1608 inaeleza tayari namna ya kuchanganya gundi na nyongo. Katika karne ya 18, khatibu wa Ayasofya aliyeitwa Mehmed Efendi alibuni mtindo wa kudondosha tone ndani ya tone na kulivuta kwa sindano, na hadi leo mtindo huo huitwa hatip, kwa maana ya khatibu. Bwana huyo alifariki mwaka 1773, nyumba yake ilipoteketea. Karatasi hizo zilitumika kupambia kingo za khati na ndani ya majalada ya vitabu. Wazungu walipozipata waliziiga, na wakaona faida nyingine: kwa kuwa hakuna karatasi mbili zinazofanana, mghushi hana njia. Mwaka 1775, Marekani ilipotoa fedha zake za kwanza za vita, noti ya dola 20 ilichapwa kwenye karatasi yenye ukingo wa mawimbi hayo, aliyoitafuta Benjamin Franklin. Wasomaji wenye umri wangu watayakumbuka madaftari ya maduka yetu ya zamani, yenye majalada ya mawimbi mekundu na ya buluu. Asili yake ndiyo hii.

Okyay aliipokea fani hii kwa sheikh. Zawiya ya Wauzbeki, hapo hapo Üsküdar, ilikuwa na sheikh aliyeitwa İbrahim Edhem Efendi, aliyefariki mwaka 1904, naye alikuwa fundi wa mengi pia: useremala, ufumaji, uchapaji. Kijana alikaa chini yake akaangalia. Hakukuwa na kitabu cha masomo. Mwanafunzi alisaga rangi, akasafisha sinia, akanyamaza, na macho yake ndiyo yaliyosoma. Sisi tuliopitia madrasa tunaijua elimu ya namna hiyo, ambayo mwalimu hafafanui sana lakini ukikosea unajua.

Alichokipokea ni mawimbi, vitana na yale matone ya khatibu. Wako waliojaribu kabla yake kuyapa matone sura ya ua, lakini hayakuwa maua ambayo mkulima angeyatambua. Na Okyay alikuwa mkulima wa mawaridi. Alirudi kwenye sinia akajaribu tena na tena: tone la kijani likavutwa kuwa shina, tone jekundu juu yake likagawanywa kwa ncha ya sindano, likavutwa huku na huku. Kidogo kidogo likatoka ua la tulipu, kisha hiasinti, kisha lile ua ambalo Waturuki huliita karanfil. Neno hilo ni ndugu wa karafuu yetu. Ua lenyewe lilipewa jina hilo kwa harufu yake. Ugumu wake si mdogo. Mchoraji wa karatasi akikosea hufuta, lakini kwenye maji sindano ikizidi unene wa unywele, petali limeshapotea. Joto likipanda, gundi huwa nyepesi. Vumbi likitua, rangi hupasuka. Mtindo huu wa maua leo unaitwa kwa jina lake, ebru ya Necmeddin.

Jaribio lake la pili lanivutia zaidi, kwa kuwa ni la mwandishi wa khati. Aliandika herufi kwenye karatasi kwa maji ya gundi ya mgunga, gundi isiyo na rangi, akaacha ikauke. Karatasi ilionekana tupu. Alipoilaza juu ya sinia, rangi ilishika kila mahali isipokuwa palipopita kalamu, na maandishi yakajitokeza meupe katikati ya mawimbi. Kwa njia hiyo alitoa Jina la Allah.

Pengine msomaji atauliza hukumu. Ulamaa wana maneno marefu kuhusu picha za viumbe wenye roho, na hapa si mahali pake. Ama miti na maua, imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas, radhi za Allah ziwe juu yake, kwamba mchoraji aliyemjia alimwelekeza huko. Aliye na binti apendaye rangi ana uwanja mpana.

Mwaka 1928 Uturuki iliacha herufi za Kiarabu ikashika za Kilatini. Fikiri maana yake kwa watu hawa. Khattat aliamka akakuta umma mpya haumsomi. Chuo cha khati ambacho Okyay alifundisha, kilichofunguliwa Istanbul mwaka 1914, kilipoteza kazi yake. Na karatasi ya ebru, iliyoishi pambizoni mwa khati na ndani ya majalada, ilikosa pa kukaa. Sokoni haikuhitajika tena. Chuo kilirudi kwa jina jingine, kama shule ya sanaa za mapambo ya mashariki, na baadaye kikaunganishwa na Akademia ya Sanaa. Okyay aliendelea kufundisha huko hadi 1948. Mwanawe Sami, aliyerithi mkono wa babake katika ebru na ufungaji wa vitabu, alifariki mwaka 1933 akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Baba akaendelea, na mwana mwingine, Sacid, akashika ufundi huo.

Hata hivyo aliyeibeba fani mpaka zama zetu ni mwenye duka. Mustafa Düzgünman, aliyezaliwa 1920, alikuwa jamaa wa Okyay upande wa mama na mwanafunzi wake. Baada ya masomo alirudi Üsküdar kwenye duka la babake la attari, la viungo na dawa za mitishamba, lile ambalo kwetu Mji wa Kale ungelijua kwa harufu kabla hujaufikia mlango. Hapo alipata riziki yake maisha yote, na nje ya saa za duka alisaga rangi. Aliyanyoosha maua ya mwalimu wake, akayapa vipimo vya uwiano, akaongeza ua la papatya, lile jeupe lenye moyo wa manjano. Waliotaka kujifunza walimfuata, akiwemo Niyazi Sayın, mpiga nai mashuhuri. Düzgünman alifariki mwaka 1990. Mwaka 2014 UNESCO iliitia ebru katika orodha yake ya urithi wa wanadamu, ikataja kuwa misingi yake huchukua si chini ya miaka miwili kuimiliki, na kwamba ina sehemu kubwa katika kuwainua wanawake.

Hesabu basi nani walioilinda: imamu na muuza viungo, wala hakuna kati yao aliyengoja soko limruhusu. Mimi naona kosa letu la Pwani ni kuuliza mapema mno, "Itauzwa?" Msichana anapofululiza wiki tatu akijaribu rangi moja, mama huona gharama ya karatasi tu. Lakini hizo wiki tatu ndizo ufundi wenyewe. Bila shaka ada ya shule haingoji, na sisemi mtu aache kazi. Düzgünman hakufunga duka.

Kwa atakaye kujaribu, vitu si vigumu. Nyongo hupatikana kwa mchinjaji. Badala ya gundi ya Uturuki, wengi siku hizi hutumia unga wa karajini, utolewao katika mwani mwekundu, na kina mama wa Kibuyuni kule Kwale hulima mwani wa jamaa hiyo baharini. Unga huo hukorogwa na maji na kuachwa usiku mzima ili mapovu yatoke. Karatasi iwe yenye kunywa maji, isiwe ya kung'aa. Ikipanguswa kwa maji ya shabu na kukauka, hushika rangi vizuri zaidi. Sufuria na vijiko vya kazi hii visirudi jikoni kamwe. Rangi za unga zisagwe mbali na watoto, na mtu asinunue zarnikhi ya manjano hata akiambiwa ndiyo ya asili, kwani wa kale waliitumia lakini ni sumu.

Na kila baada ya chapa, rangi iliyobaki juu ya maji huondolewa kwa ukanda wa gazeti la zamani, unaoburutwa kutoka mwisho mmoja wa sinia hadi mwingine. Wape watoto kazi hiyo. Mikanda ile hutoka na mistari ya ajabu, nao hugombania kuitia ndani ya vitabu vyao kama alama ya ukurasa.