Unakwenda China kufuata mzigo? Acha saa ya ukutani nyumbani

Mzazi anayesafiri kwenda Guangzhou kwa mara ya kwanza huwaza mtaji, viza na nani atabaki na watoto. Zawadi ya kumpelekea mwenye kiwanda huja mwishoni kabisa, na mara nyingi jibu huwa jepesi: saa ya ukutani ya mbao, iliyochongwa umbo la ramani ya Tanzania. Ni nzuri na inaingia kwenye begi.

Shida ni kwamba kwa Kichina, kumpa mtu saa ya ukutani hutamkwa sawa na maneno ya kumsindikiza anayekufa. Mwenyeji wako ataipokea akitabasamu na hatakuambia lolote.

Mpelekee kahawa au korosho. Mpe kwa mikono miwili, na akikataa mara ya kwanza usiirudishe mkobani, mbembeleze kidogo. Asipoifungua mbele yako usinune, ndiyo adabu yao. Vitu visiwe vinne, maana nne husikika kama kifo, na usivifunge kwa karatasi nyeupe, rangi ya msiba. Nyekundu haina kosa.

Huko kunyamaza kwa tabasamu ndiko kunakogharimu watu fedha. Mwenye kiwanda akiulizwa, "Mzigo utakuwa tayari kabla ya tarehe 20?" anaweza kujibu ndiyo, akiwa na maana ya "nimekusikia". Akisema "tutalitazama" au "jambo hili si rahisi sana", mara nyingi amekataa. Sisi tusishangae. Ni wangapi hapa kwetu tumemwambia fundi au jirani "Inshallah" huku tukijua hatutafika?

Kwa hiyo usiulize swali la ndiyo au hapana. Uliza, "Mzigo utakuwa tayari tarehe ngapi? Kitambaa kinafika lini?" Andikeni majibu, pamoja na rangi, idadi na vipimo, kabla hujalipa malipo ya awali, ambayo mara nyingi huwa karibu asilimia 30. Hiyo pengine ndiyo ada ya shule ya mwaka mzima. Kumbuka pia mwaka mpya wao, ambao huangukia kati ya mwishoni mwa Januari na katikati ya Februari. Viwanda hufungwa kwa wiki kadhaa, na ahadi ya kumaliza kazi siku hizo ni ya kuitilia shaka.

Na ukikuta mzigo una kasoro? Wengi wetu tungepaza sauti palepale dukani. Wachina wana neno mianzi, yaani uso, heshima ya mtu mbele ya wenzake. Ukimuumbua bosi mbele ya wafanyakazi wake, hata kama haki ni yako, atatetea uso wake kwanza na mzigo wako baadaye. Mvute pembeni, mwonyeshe kasoro kwa utulivu, umwachie njia ya kurekebisha bila kukiri kosa hadharani. Si woga huo.

Mezani mambo ni mepesi zaidi. Subiri uonyeshwe pa kukaa, kwani kiti kinachotazama mlango kwa kawaida ni cha mgeni mkubwa au mwenyeji. Usichomeke vijiti wima kwenye wali, hufanana na ubani wa kuombea wafu. Ukimiminiwa chai, gonga meza taratibu kwa vidole viwili. Watu wa Guangdong hushukuru hivyo. Usiyekunywa pombe, sema mapema kuwa dini au afya hairuhusu, kisha inua kikombe chako cha chai. Waislamu watafute migahawa yenye maandishi 清真, ndiyo halali. Yahifadhi kwenye simu.

Tukizungumzia simu, WhatsApp kwa kawaida haifunguki kule. Fungua WeChat ukiwa bado nyumbani, muiweke na kwenye simu ya anayebaki na watoto, mjaribu kupigiana siku mbili kabla ya safari. China iko mbele yetu kwa saa tano: ukirudi hotelini saa nne usiku, Dar es Salaam ni saa kumi na moja jioni, na wanao ndio kwanza wanavua sare za shule.