Eksileta ya mkono: Waya wa bei ndogo, hesabu kubwa kwa mwenye lori kuukuu

KEKO, katika Manispaa ya Temeke jijini Dar es Salaam, inafahamika zaidi kwa vitanda, makabati na makochi yanayopangwa kando ya barabara kusubiri wateja. Lakini palipo na mafundi wa mbao hapakosi mafundi wa kuchomelea, na palipo na wachomeleaji malori hayako mbali. Kutoka hapo kwenda Chang'ombe, Gerezani au Barabara ya Nyerere ni mwendo mfupi, na katika eneo hilo lori lililotoka kiwandani miaka 30 iliyopita bado ni mtaji unaolisha familia.

Miongoni mwa kazi ndogo ndogo zinazofanywa kwenye malori ya umri huo ni kufunga eksileta ya mkono. Huu ni waya unaotoka kwenye dashibodi hadi kwenye pampu ya dizeli. Dereva akiuvuta, injini hupandisha mzunguko na kubaki hapo bila mguu kukanyaga pedeli ya mafuta. Vifaa vyake ni waya wa breki ya baiskeli au wa choki uliotolewa kwenye gari bovu, kipande cha bati nene, springi na nati chache. Baiskeli ya Phoenix haisaidii hapa, maana breki zake ni za fito.

Kazi yenyewe ni ndogo na gharama yake si ya kumnyima mtu usingizi. Jambo linalosahaulika ni kuuliza mapema kama waya huo utatumika gari likiwa limesimama au likiwa linatembea. Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama mwenye gari amewekeza au ameanza safari ya hasara.

Wanaouhitaji kweli ni wale ambao injini ya lori ndiyo mashine yao ya kazi. Mfano ulio karibu kabisa na Keko ni magari ya kunyonya majitaka. Katika mitaa iliyojengwa kwa kubanana, gari husimama barabarani, mpira ukavutwa hadi uani kwenye shimo, na pampu ya kunyonya ikazungushwa na injini kupitia PTO, yaani kifaa kinachochukua nguvu kutoka kwenye giaboksi. Kazi hiyo inataka mzunguko mmoja usiopanda wala kushuka kwa muda mrefu. Mahitaji ni hayo hayo kwa boza lenye pampu ya PTO linalopeleka maji kwenye bustani ya mboga au mifugo, na kwa lori lenye kreni.

Pasipo eksileta ya mkono, utingo hukaa kwenye usukani akikanyaga mafuta kwa kukisia, huku anayeshughulika na mpira akimpigia kelele aongeze au apunguze. Wapo pia wanaoweka tofali juu ya pedeli, au kuikandamiza kwa kipande cha mti kilichobanwa chini ya kiti. Tofali halina kipimo, na likianguka hakuna anayejua litaangukia wapi. Likijipenyeza chini ya pedeli ya breki, gari zima liko hatarini.

Kwa upande wa uchumi, mtu anaweza kufikiri faida ya waya ni kupunguza mtu mmoja kwenye malipo ya siku. Sivyo. Utingo bado anahitajika kwenye mpira na koki. Faida ipo kwenye mzunguko uliotulia, kwa kuwa pampu haichoki mapema, dizeli haichomwi kwa kukanyaga na kuachia, na muda wa kujaza tangi unakadirika. Mwenye gari anayejua tangi linajaa kwa dakika ngapi anaweza kupanga safari ngapi zitafanyika kwa siku.

Wakulima wenye trekta hawana haja ya kuelezwa haya. Massey Ferguson 135 ilitoka kiwandani na wenzo wa mafuta wa mkono karibu na usukani, na mkulima huuweka mahali ambapo shafti ya nyuma inazunguka mara 540 kwa dakika, kisha akashughulika na kazi yake. Ndiyo maana mtu aliyezoea trekta hudhani kwamba akifunga wenzo kama huo kwenye lori atapata matokeo yale yale. Hapo wengi hukosea.

Ndani ya pampu ya dizeli ya zamani mna gavana, kifaa chenye vyuma vinavyotanuka kadiri injini inavyokwenda kasi na kuvuta fito ya mafuta nyuma. Gavana ya trekta husimamia mzunguko wowote uliochaguliwa: mzigo ukiongezeka huongeza mafuta, mzigo ukipungua huyapunguza. Malori mengi ya barabarani yana gavana ya aina nyingine, inayosimamia ncha mbili tu. Huzuia injini isizime ikiwa kwenye mzunguko wa chini, ule ambao mafundi huuita sailensi, na huzuia isipite kasi ya juu kabisa. Katikati ya hapo, mguu wa dereva ndio gavana.

Maana yake ni kwamba lori la aina ya pili likiwekwa kwenye mizunguko 1,200 kwa dakika wakati pampu ina mzigo, na mpira ukaanza kuvuta hewa, mzigo hupungua na injini hupanda yenyewe. Haitapasuka, kwa sababu gavana itaikata juu kabisa. Lakini pampu haikuundwa kwa kasi hiyo, na mapezi yake ya ndani huungua kwa msuguano. Bei ya pampu haiwezi kulinganishwa na ya waya wa baiskeli.

Kwa hiyo kabla ya kukata waya, fundi mwangalifu hujaribu gari. Huingiza PTO, hupandisha mzunguko, hushikilia wenzo wa pampu ya dizeli mahali pamoja, kisha huondoa mzigo polepole huku mwenzake ameshika kizimio cha injini. Mzunguko ukipanda kidogo na kutulia, gavana inafanya kazi kama ya trekta. Ukiendelea kupanda, eksileta ya mkono bado inaweza kufungwa, ila mtu asiondoke karibu nayo.

Lipo jambo la mapema zaidi ya hilo. Matoleo mengi ya Isuzu na Mitsubishi Canter ya zamani yana kitufe cha kuzungusha kwenye dashibodi kwa ajili ya kupandisha sailensi. Mara nyingi kipo bado, ila waya wake umeshika kutu au ulikatwa na fundi aliyepita. Kukifufua ni nafuu kuliko kuchomelea kitu kipya, na kilipimwa na waliotengeneza gari.

Katika ufungaji, kosa la kawaida ni kusahau kwamba kichwa cha gari na injini havichezi pamoja. Kichwa hutikisika, na katika malori mengi ya Kijapani huinamishwa mbele ili kufikia injini. Waya uliokazwa mno huvuta mafuta kila gari linapoingia shimoni, na siku kichwa kinapoinamishwa hukatika. Unatakiwa uachwe na mzingo wa kutosha, upite kwenye tundu lenye mpira ili bati lisiukate, na ukae mbali na bomba la moshi.

Kwenye wenzo wa pampu ya dizeli, waya ufungwe kwenye tundu refu ili uvute tu na usisukume. Hivyo pedeli ya mguu hubaki huru kuongeza mafuta, na waya ukikwama hauizuii kwenda mbele. Springi ya kurudisha wenzo isiguswe kamwe. Ikiwa imelegea, iongezwe ya pili. Pawepo na kizuizi kinachofanya mkono usivute zaidi ya mzunguko unaotakiwa. Ile skrubu ya kasi ya juu yenye lakiri kwenye pampu yenyewe haihusiki kabisa na kazi hii, na fundi anayeikimbilia ni wa kuachana naye. Kwa gari la kunyonya, mtu wa kazi husimama nyuma, hivyo waya wa pili wa kuzima injini ufike huko huko. Breki ya mkono, giaboksi ikiwa huru na vigingi kwenye matairi ni sehemu ya kifaa hiki sawa na nati zake.

Linabaki lile ambalo madereva wa safari ndefu hulitamani: kuvuta waya baada ya Chalinze na kupumzisha mguu hadi Morogoro. Magari ya kisasa yana kifaa cha kushika mwendo, na hilo ndilo linalowapa watu wazo. Kifaa hicho kilibuniwa na mhandisi Mmarekani Ralph Teetor, aliyekuwa kipofu tangu utotoni. Alipata hataza mwaka 1950, na Chrysler wakakiweka kwenye magari yao ya mwaka 1958. Kinapima mwendo wa gari, kinaongeza na kupunguza mafuta chenyewe, na dereva akigusa breki kinaachia.

Waya wa Keko haufanyi hata moja kati ya hayo. Haujui gari linakwenda kasi gani. Unashika mafuta, si mwendo. Kwenye mlima gari hulegea, kwenye mteremko hukimbia, na mtoto akivuka ghafla dereva anakanyaga breki huku injini ikiendelea kusukuma tani zote za mzigo. Kwenye mteremko kama wa Kitonga mkoani Iringa, ambako lori linategemea injini kulizuia, waya uliosahaulika umevutwa unaondoa msaada huo wote. Kwa sababu hiyo kitasa cha waya kifungwe mahali ambapo dereva hawezi kukitumia kwa starehe akiwa safarini, au kiunganishwe na breki ya mkono kiasi kwamba ikiachiwa, waya unaachia.

Hoja ya kuokoa dizeli nayo haina uzito mkubwa. Ni kweli mwendo uliotulia unapunguza matumizi, lakini kinachokula mafuta zaidi ni kasi. Lori likitoka kilomita 60 kwa saa hadi 80, ambayo ndiyo mwisho wa kisheria kwa gari la uzito unaozidi kilo 3,500, nguvu ya hewa inayolipinga huongezeka kwa takriban asilimia 78. Anayetaka nafuu aanze na mguu mwepesi na upepo sahihi kwenye matairi.

Gharama ambayo wenye magari hawaioni kabisa imo kwenye kipima kilomita. Gari likiwa limesimama linanyonya, namba hazisogei, lakini injini inachakaa. Chukulia gari linalofanya safari tano kwa siku, kila moja ikiwa na nusu saa ya kunyonya na kumwaga. Hizo ni saa mbili na nusu kwa siku, na saa 62.5 kwa mwezi wa siku 25 za kazi. Kwa kuhesabu saa moja kuwa sawa na kilomita 40 za barabarani, ni kilomita 2,500 kwa mwezi ambazo hazijaandikwa popote.

Kama gari hilo hilo linatembea kilomita 2,000 kwa mwezi na oili hubadilishwa kila kilomita 5,000, mwenye gari anayetazama dashibodi husubiri miezi miwili na nusu. Injini yake, kwa hesabu ya kweli, ilihitaji oili mpya baada ya siku 33 hivi. Daftari la kuandika saa za PTO, likiwa na kalamu iliyofungwa kwa uzi, linakaa vizuri kwenye kisanduku cha dashibodi.