Filme za Butembo na Beni: namna gani kupunguza kelele ili maneno yasikike

Vijana wengi wa Butembo na Beni wanapiga filme kwa telefone ao kwa kamera ndogo. Picha inatoka safi, lakini watu wanapoitazama wanaulizana: “Amesema nini?” Moto imepita barabarani, grupu ya jirani inanguruma, kanisa la pembeni limefungua vipaza sauti, na jogoo naye amewika katikati ya maneno.

Shida hiyo si ndogo. Katika Kiswahili, silabi moja inageuza habari yote. “Watakuja” na “hawatakuja” zinatofautiana kwa “ha” tu, na hiyo “h” ni pumzi nyepesi inayomezwa na kelele kwa haraka. Wakati wa Ebola, iliyotangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 walikufa, na Beni na Butembo ziliguswa sana. Katika filme ya kufundisha watu juu ya ugonjwa kama ule, mwenye kusikia “mguse maiti” pahali pa “msiguse maiti” anaweza kupoteza maisha. Kinande nacho ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti kunabeba maana, njo maana hakivumilii sauti iliyoharibika.

Sikio linachagua, mikro haichagui

Mtu akiwa sokoni anaweza kumfuata rafiki anayesema naye, kwa sababu akili yake, ikisaidiwa na masikio mawili, inaweka kelele zingine pembeni. Mikro haina akili hiyo. Inachukua kila kitu kinachoifikia. Kwa hiyo mtu wa sauti anapashwa kuvaa ekuta na kusikiliza kile mikro inasikia, si kile masikio yake yamezoea.

Dawa ya kwanza ni kusogeza mikro. Kila mara umbali kati ya mdomo na mikro unapopunguzwa nusu, sauti ya msemaji inapanda karibu desibeli 6, lakini kelele ya barabara inabaki ile ile kwa sababu inatoka mbali. Kutoka metre 2 hadi sentimetre 50, faida inafika karibu desibeli 12. Mwenye kukosa mikro ndogo ya kifuani anaweza kutumia telefone ya pili: inarekodi sauti peke yake, ikiwa imewekwa karibu na mwigizaji, pahali kamera haioni. Mbele ya kuanza, mtu anapiga makofi mara moja mbele ya kamera. Kofi hilo linasaidia kuunganisha picha na sauti baadaye.

Kuchagua pahali na saa

Kazi nyingine inafanyika mbele ya siku ya filme. Kikundi kinaenda pahali penyewe, saa ile ile ya kupiga filme, kinanyamaza dakika tano na kusikiliza. Nyuma ya nyumba, ukuta ukiwa kati ya waigizaji na barabara, ni afadhali kuliko kwenye baraza. Grupu inazimwa, kazi inaendelea kwa batri. Siku ya Mungu asubuhi, karibu na kanisa, ni bure kujaribu.

Mvua juu ya manjanja ni adui mkubwa. Kelele yake inaenea kuanzia sauti nzito hadi sauti nyembamba, pale pale maneno yanapokaa. Hakuna programu inayoiondoa bila kujeruhi sauti ya mtu. Inafaa kungoja ikatike.

Wengine wanatundika blanketi na magodoro. Vitu hivyo vinapunguza mwangwi ndani ya chumba, lakini havizuii moto ya inje. Ni vizuri kujua tofauti hiyo mbele ya kuhangaika.

Kusafisha kwa ordinatere

Kila pahali panaporekodiwa, kikundi kinanyamaza tena na kurekodi segonde 30 za kimya cha pale. Kimya hicho kinajaza nafasi kati ya maneno yaliyokatwa, na kinafundisha programu kama Audacity, ambayo ni ya bure, kutambua kelele ya kuondoa.

Sauti nzito chini ya hezi 80 inaweza kukatwa bila hofu, kwani sauti ya kusema ya watu wengi iko juu ya hapo. Mngurumo wa grupu unapungua vizuri, kwa sababu haubadiliki. Moto inayopita ni shida zaidi: sauti yake inapanda na kushuka, na inaingia katikati ya maneno. Mwenye kulazimisha programu kuiondoa yote anabaki na sauti kama ya mtu anayesema ndani ya bidoni. Afadhali kelele kidogo ibaki, na maneno yasikike. Na ile rekodi ya kwanza haifutwi hata siku moja.

Kurudilia maneno

Kama moto imeharibu sentensi, waigizaji wanairudilia pale pale, mdomo karibu na mikro, mbele ya kutawanyika. Wengine wanafanya hivyo baadaye katika chumba kimya, mwigizaji akitazama midomo yake kwenye kioo cha telefone. Si aibu. Nchini Italia, kisha vita kuu ya pili, filme nyingi zilitiwa maneno studio.

Lakini kuna sauti zisizorudiliwa. Mkaaji wa Beni anayesimulia namna jamaa yake iliuawa si mwigizaji. Haifai kumwambia arudilie kilio chake kwa sababu moto ilipita. Kwa mtu kama huyo, kutafuta pahali pa kimya mbele ya kufungua kamera ni sehemu ya heshima anayostahili.