KUPELELEZA KILIMA CHA UZEENI
Kutoka Busitema hadi miteremko ya Mlima Elgon

Askari apewapo amri ya kuhama huhama na begi lake tu. Nyumba anayolala ni ya kambi, kitanda ni cha Serikali, na hata ufunguo wa mlango ataurudisha siku ya kuondoka. Kwa miaka ishirini au thelathini hali hiyo haimsumbui, maana ndiyo kazi aliyoiapia. Lakini inapofika siku ya kuvua sare, swali moja humkabili mkubwa na mdogo, mwanajeshi na polisi: Sasa nitakwenda kuishi wapi?

Swali hilo ni zito kwa sababu kiinua mgongo hulipwa mara moja. Askari aliyekosa shabaha mazoezini hupewa risasi nyingine. Aliyekosea kununua kiwanja hapewi kiinua mgongo cha pili. Ndiyo sababu mwezi wa Januari tuliona yafaa kufuatana na sajini mmoja wa jeshi, aliyebakiza miezi minane kazini, pamoja na mkewe, ili tuone kwa macho yetu jinsi makao ya uzeeni yanavyotafutwa. Majina yao hatuyataji, kwa kuwa mambo ya ardhi na fedha ni siri ya nyumba ya mtu.

Safari yetu ilianzia Busitema, wilayani Busia, kando ya barabara kuu itokayo Jinja kwenda Tororo na Malaba. Wasafiri wengi wanapafahamu mahali hapo kwa msitu wa hifadhi unaokatwa na barabara, na kwa Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa mwaka 2007 mahali palipokuwa na chuo cha taifa cha zana za kilimo. Mke wa sajini amepanga vyumba karibu na hapo kwa miaka mingi, analima mihogo na mahindi katika shamba la kukodi, na watoto wao wamesoma papo hapo. Nchi ni tambarare, soko li karibu, na kisima cha pampu hakiko mbali. Mama angeridhika kubaki. Lakini sajini alikuwa na nia moja tu: alitaka mlima.

"Nimelala mabondeni na mbu maisha yangu yote," alituambia. "Uzeeni nataka upepo."

Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Eneo la Tororo na Busia limesumbuliwa na malaria kwa miaka mingi, na ni kweli kwamba kadiri mtu apandavyo juu, ndivyo baridi inavyozidi na mbu wanavyopungua. Zaidi ya hayo, askari amefundishwa tangu siku ya kwanza kwamba mwenye kushika kilima ndiye mwenye kuona mbali. Basi tukaondoka alfajiri kwenda kuona.

MAGOTI YA MIAKA SABINI

Kilima cha kwanza kilikuwa Mwamba wa Tororo, ule unaosimama peke yake juu ya mji kama mlinzi aliyesahauliwa zamu. Kilele chake kiko mita 1,483 juu ya usawa wa bahari, nao unainuka kama mita 300 kutoka mjini. Hakuna mtu ajengaye nyumba juu yake. Tulikwenda huko ili tuitazame nchi yote kwa pamoja, kama ifanyavyo doria kabla ya kusonga mbele.

Sajini alipanda kwa bidii, lakini alipumzika mara tatu. Mkewe, aliyekuwa nyuma yake, hakumcheka. Alimwuliza tu: "Mzee, leo una nguvu za kazi. Ukifika miaka sabini, nani atakuletea maji hapa?" Swali hilo tuliliandika daftarini, nasi twawaachia wasomaji wetu kuwa kipimo cha kwanza: kiwanja kisipimwe kwa magoti ya leo. Mtu aende kwa miguu kutoka barabarani hadi mlangoni akiwa amebeba ndoo ya maji. Kisha ajiulize, mgonjwa atashushwaje usiku wa mvua, wakati ambapo hata bodaboda haipandi? Mjini Tororo kuna hospitali, na Mbale kuna hospitali ya rufaa. Lakini hospitali isiyofikika kwa wakati haimfai mzee mwenye shinikizo la damu.

Kutoka kileleni tuliona ng'ambo ya mpaka nchini Kenya, tukaona Mlima Elgon kwa mbali, na karibu zaidi tukaviona vilima vya Osukuru. Sajini alivipenda vilima hivyo mara moja, kwa kuwa si virefu na viko karibu na mji. Hapo ilitubidi tumkumbushe jambo la pili. Vilima vya Osukuru vina fosfeti nyingi, na familia zilizokuwa zikiishi huko zimewahi kuhamishwa ili kupisha uchimbaji. Kwa mujibu wa Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ardhi ni ya wananchi, lakini madini yaliyomo chini yake yamo mikononi mwa Serikali. Huko Tiira nako, wilayani Busia, watu wanachimba dhahabu. Basi anayenunua katika nchi hii yampasa aulize wilayani iwapo mahali hapo pamekwisha kutolewa leseni ya madini, asije akajenga nyumba ya uzeeni na kuibomoa kabla hajazeeka.

KIWANJA CHENYE UFA

Mchana tulishika barabara ya Mbale. Pale Bumbobi tulikata kulia kwenda Bubulo, na hewa ikaanza kubadilika. Migomba na kahawa vilisimama bega kwa bega, maji yakasikika mabondeni, na sajini akafungua dirisha la gari akitabasamu. Elgon ni volkano ya kale iliyozimika, kilele chake Wagagai kina mita 4,321, na udongo wake una rutuba isiyo kifani. Hapana shaka kwamba ni nchi nzuri, nasi hatuandiki haya ili kuwatisha watu waliozaliwa huko na kuipenda.

Katika kijiji kimoja cha juu tulionyeshwa kiwanja. Mteremko ulikuwa umekatwa ili kupata mahali pa kusimamisha nyumba, na nyuma yake udongo ulisimama wima kama ukuta. Mandhari yalikuwa ya kupendeza, na bei aliyotaja mwenye kiwanja haikuzidi uwezo wa sajini. Tayari alikuwa akionyesha kwa kidole mahali pa sebule na mahali pa banda la kuku.

Mama ndiye aliyeuliza: "Mvua ikinyesha, maji hupita wapi?"

Mwenye kiwanja akaonyesha upande mmoja, kisha akaonyesha mwingine. Mama akapanda peke yake juu ya ule ukuta wa udongo, akaingia katikati ya mikahawa, kisha akatuita. Ardhi ilikuwa na ufa uliopita kuufuata mteremko, mpana kiasi cha kuingia kiganja cha mkono. Jirani mmoja mzee, ambaye hakuwa na faida katika biashara ile, alituambia kwamba ufa huo ulikuja na mvua za mwaka uliotangulia. Sajini alitazama chini kwa muda mrefu bila kusema neno.

Wasomaji wetu wanajua kwa nini alinyamaza. Tarehe 1 Machi 2010 udongo uliporomoka Nametsi, wilayani Bududa, ukafukia makazi, maduka na kituo cha afya. Mamia ya watu walikufa au walitoweka. Wengi walionusurika walihamishiwa Kiryandongo, mbali kabisa na nchi yao. Tarehe 11 Oktoba 2018 msiba ulirudi Bukalasi, katika wilaya ile ile, ukaua zaidi ya watu 40. Tarehe 27 Novemba 2024 ikawa zamu ya Bulambuli, ambako kijiji cha Masugu kilizikwa. Katika misiba hiyo, wanajeshi na polisi walikuwa miongoni mwa waliotumwa kufukua maiti. Baadhi ya wanaosoma makala haya walishika sepeto wenyewe.

Sababu zake si uchawi. Udongo wa Elgon ni mzito na wenye kina. Unapokunywa maji mengi huwa kama uji, na miti iliyokuwa ikiushikilia imekatwa ili kupata mashamba. Mtu akikata mteremko nyuma ya nyumba yake huwa ameondoa nguzo ya mlima kwa mkono wake mwenyewe. Dalili zake ni za kuonekana: nyufa, miti iliyoinama upande mmoja, milango inayokwama bila sababu, chemchemi iliyogeuka kuwa tope ghafla. Mpelelezi anayeziona dalili hizo na kuendelea mbele hawezi kusema kwamba hakuonywa.

Wala asidhani mtu kwamba bondeni ni salama daima. Mwishoni mwa Julai 2022 mito ilifurika Mbale na kuua watu walioishi kandokando yake. Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinakataza kujenga ndani ya mita 100 za kingo za mito mikubwa iliyotajwa, na mita 30 za mito mingine. Kipimo hicho kiliwekwa kwa ajili ya uhai wa watu.

KARATASI NA MAJIRANI

Ardhi nyingi katika sehemu hizi inamilikiwa kwa desturi, bila hati. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inaitambua milki hiyo, na inaruhusu mwenyewe kuomba cheti cha umiliki wa kimila kupitia kamati ya ardhi ya eneo. Lakini sheria hiyo hiyo inasema kwamba ardhi ambayo familia inakaa na kupata riziki haiuzwi bila ridhaa ya mume au mke. Askari anayenunua kwa mwanamume mmoja kichakani, mkewe asijue, amejinunulia kesi. Aite majirani wote wa mpaka, aite wazee wa ukoo na mwenyekiti wa kijiji, watembee mpaka wote kwa miguu. Asinunue kamwe ndani ya msitu wa hifadhi kama ule wa Busitema, wala ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, iliyotangazwa mwaka 1993. Huko hakuna muuzaji mwenye haki, hata awe na karatasi zenye mihuri kumi.

Tena, tunawasihi wenzetu wasingoje siku ya mwisho. Wanajeshi wana chama chao cha akiba na mikopo cha Wazalendo, na polisi wana Exodus. Anayeweka kidogo kidogo akiwa kazini hununua akiwa na nafasi ya kuchagua. Anayengoja kiinua mgongo hununua akiwa ameshikwa na haraka, na wauzaji huinusa haraka kama fisi anusavyo damu.

Jioni tulirudi tukishuka. Karibu na lami, ambapo miguu ya mlima inaishia na mwinuko ni mdogo, Mama aliomba gari lisimame. Palikuwa na upepo, palikuwa na kisima, na kituo cha afya kilionekana kutoka barabarani. Sajini alitaka kuulizia bei papo hapo. Mkewe akamzuia.

"Leo ni kiangazi," alisema. "Kila mahali ni pazuri wakati wa kiangazi. Tupange chumba hapa Machi hadi Mei. Mvua ikituonyesha kila kitu, ndipo tutoe fedha."

Sajini akacheka, akampigia saluti.

Walikwisha kulipa kodi ya chumba hicho kabla hatujaachana. Nasi twawaambia askari wote mnaohesabu miezi: likizo ijayo msiitumie yote mjini. Chukueni wake zenu na waume zenu, mwende kuitazama ardhi wakati mvua inanyesha.