Mbawa za Umusambi

Ukingoni mwa mji wa Kigali ipo ardhi chepechepe ya hekta 21 iitwayo Kijiji cha Umusambi, ambamo wanaishi korongo-taji zaidi ya 50 wasioweza kuruka. Umusambi ndilo jina lao kwa Kinyarwanda: ni ndege yule mwenye kishungi cha rangi ya dhahabu ambaye majirani zetu wa Uganda wamemweka katika bendera yao.

Waliowalemaza ni watu waliowapenda. Kwa kuwa umusambi huhesabiwa kuwa ishara ya utajiri na maisha marefu, wenye nyumba na wenye hoteli walitaka awapambie bustani. Makinda wakachukuliwa mabwawani, wakakatwa manyoya ya mbawa. Wengine walivunjwa mfupa wenyewe ili wasiondoke kamwe. Ndege aliyefungwa hivyo ni nadra kuzaa, na wengi walikufa kwa hofu na kwa chakula kisichowafaa.

Mwaka 2014 daktari wa wanyama Olivier Nsengimana, aliyekwisha kuwatibu gorila wa milimani, alianza kazi ya kuwakomboa akishirikiana na serikali. Wananchi walitakiwa kuwaandikisha ndege waliokuwa nao, na aliyejitokeza hakuadhibiwa. Ndugu askari, njia hii mnaifahamu kutokana na shughuli za kusalimisha silaha. Tunadhani kwamba kama pingu zingetangulia, ndege wengi wangechinjwa usiku ili ushahidi upotee.

Kila ndege alipimwa afya na kuvishwa pete yenye namba mguuni. Wenye nguvu walipelekwa katika Hifadhi ya Akagera, wakatunzwa mahali pa usalama hadi manyoya yao yalipoota upya, ndipo wakaruka wenyewe. Zaidi ya ndege 200 walitolewa katika utumwa huo. Hesabu ya mwaka 2017 ilikuta korongo-taji 487 nchini Rwanda. Mwaka 2022 walizidi 1,000.

Huenda msomaji akauliza jambo hili linamhusu nini mtu wa bunduki. Linamhusu sana. Askari wa doria ndiye anayepita bwawani alfajiri na kumkuta mtu amebeba kinda kikapuni, na namna atakavyosema naye hapo itaamua mengi. Tena wapo wanaoona huruma kwa mnyama kuwa udhaifu usiofaa katika kazi ya nguvu. Hao wawaulize wenzao wanaoongoza mbwa wa polisi: mbwa anayepigwa ovyo humwogopa bwana wake, na kazi yake huharibika.

Wale wa Kigali hawataruka tena, hata watunzwe namna gani, maana mfupa uliounga vibaya haunyooki. Umusambi huweza kuishi zaidi ya miaka 20, na kwa muda wote huo hapana budi awepo mtu wa kuwalinda.