Kasoro Iliyogeuka Sauti: Fizikia ya Gitaa la Roki

Kijana mmoja, mpiga gitaa katika bendi ya mtaani kwao, alinijia ofisini na swali. Alikuwa ameweka akiba kwa miaka miwili, na sasa alitaka kujua: je, akinunua kikuza sauti cha zamani cha valvu, ataipata sauti ya Jimi Hendrix? Sikumjibu papo hapo. Nilimwomba alete gitaa lake maabara, tukaliunganisha na osiloskopu. Makala haya yaeleza yale tuliyoyaona, kwa kuwa yanamhusu kila mwanafunzi wa fizikia, hata asiyewahi kushika gitaa.

Wimbi lililokatwa kilele

Chini ya nyuzi za gitaa la umeme kuna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba, mizunguko maelfu kadhaa. Uzi wa chuma utetemapo huusumbua uga wa sumaku, na kwa kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831, umeme huzuka katika waya. Umeme huo ni hafifu, mara nyingi haufiki volti moja. Kazi ya kikuza sauti ni kuuongezea nguvu mpaka uweze kuisukuma koni ya spika.

Lakini kila kikuza sauti kina mpaka wake, kwani hakiwezi kutoa volti nyingi kuliko zile kinazolishwa. Wimbi likiupita mpaka huo, kilele chake hukatwa, kama nyasi zilizofyekwa kwa usawa mmoja. Katika osiloskopu tuliona vilima vya mviringo vikigeuka kuwa vilima vyenye vichwa bapa.

Je, sikio husikia nini? Mwaka 1822 Joseph Fourier alichapisha hoja kwamba wimbi linalojirudia, hata liwe na umbo gani, laweza kuhesabiwa kuwa jumla ya mawimbi sahili. Uzi wa A hutetema mara 110 kwa sekunde. Tukilikata wimbi lake sawasawa juu na chini, huongezeka mitetemo ya mara tatu, mara tano na mara saba, yaani 330, 550 na 770. Tukikata upande mmoja zaidi ya mwingine, huongezeka pia 220 na 440. Nyongeza hizi, ziitwazo haromoniki, ndizo ukali na unene wa sauti ya roki.

Wahandisi waliikimbia, wanamuziki wakaifuata

Kwa miaka mingi wahandisi waliuhesabu mkato huo kuwa kasoro. Mnamo Machi 1951, wakati wimbo “Rocket 88” ulipokuwa ukirekodiwa mjini Memphis, Marekani, kikuza sauti cha gitaa kilikuwa kimeharibika safarini. Yasimuliwa kwamba mwenye studio, Sam Phillips, alijaza karatasi penye koni iliyoharibika, akaendelea kurekodi. Mjini Nashville, hitilafu katika mtambo wa studio iliifanya besi ivume kama nyuki katika wimbo wa Marty Robbins. Mhandisi Glenn Snoddy hakuridhika kuitengeneza tu. Aliichunguza, akashiriki kubuni kisanduku cha transista cha kuizalisha kwa makusudi. Kisanduku hicho, Maestro Fuzz-Tone, kiliingia sokoni mwaka 1962, na mwaka 1965 Keith Richards akakitumia katika “Satisfaction”. Katikati ya hapo, mwaka 1964 huko London, Dave Davies wa kundi la Kinks alikuwa ameichana koni ya spika yake kwa wembe. Hendrix naye alitumia Fuzz Face, kisanduku kilichoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1966, pamoja na vikuza sauti vya Marshall.

Kuiunda upya

Ikiwa siri ni mkato, basi chombo cha kukatia chaweza kuwa kidogo. Dayodi mbili za silikoni zilizounganishwa sambamba, kila moja ikielekea upande wake, huzuia wimbi lisipite takriban volti 0.6 kwa kila upande. Dayodi za jemaniamu hukata mapema zaidi, karibu na volti 0.3, tena kwa upole. Lakini transista za jemaniamu huathiriwa sana na joto, hivyo kisanduku kilekile chaweza kulia vingine mchana wa jua kali.

Spika nayo ni sehemu ya sauti. Spika ya gitaa ya sentimita 30 hudhoofika sana juu ya mitetemo kama 5000 kwa sekunde, na hivyo huchuja makali ya haromoniki za juu. Kisanduku hichohicho kikiunganishwa na spika ya redio nzuri ya nyumbani hukwaruza masikio.

Nyuzi mbili zikipigwa pamoja, mkato huzaa pia jumla na tofauti ya mitetemo yao. A ya 110 na E ya 165 huzaa 55, yaani A ya chini zaidi, na sauti hujaa. Sauti tatu au nne za kodi kamili huzaa tofauti nyingi zisizopatana, na muziki huwa kama tope. Ndiyo maana wapiga roki wengi hupenda kodi za sauti mbili.

Mwalimu aweza kuonyesha haya kwa karatasi ya grafu pekee: mwanafunzi achore sin x, aongeze theluthi ya sin 3x, kisha humusi ya sin 5x, na kilele kitaanza kuwa bapa mbele ya macho yake. Anayetaka kuunda sakiti atumie betri ya volti 9. Asifungue kamwe kikuza sauti cha valvu: ndani mna volti mamia kadhaa, na kapasita zaweza kuendelea kuushika umeme huo hata baada ya kuzimwa.

Yule kijana aliunda kisanduku cha dayodi mbili na transista moja. Hakikumpa kila kitu, kwani mvumo mrefu wa Hendrix wahitaji pia spika iutikise uzi wenyewe. Hata hivyo alipoondoka akiba yake ilikuwa karibu nzima, na alijua sasa anachokisikia. Nasi walimu tujiulize: mwanafunzi anapotuletea jibu la jaribio lisilolingana na kitabu, je, twalifuta, au twamwuliza limetoka wapi?